Dishi Huhitaji Watu Wawili

Haya yalitokea hapa hapa mjini Nkawkaw, nyumba tunayopakana nayo kwa ukuta mfupi, Jumamosi mchana kweupe. Mvua ya jana yake ilikuwa imekauka, nami nilikuwa uani natwanga mihogo iliyochemshwa, fufu yangu ya mtu mmoja.

Upepo ulikuwa umelipindisha dishi la jirani yangu, Mzee Asiamah. Si hivi vidishi vyetu vya kubandika ukutani. Lake ni pana kama meza ya harusi, tena lina mota. Ukibonyeza rimoti linageuka lenyewe kutoka setilaiti hii hadi ile. Tangu mkewe Birago afariki, stesheni za nchi za mbali ndizo zilizokuwa watu wake wa nyumbani. Bila hizo alibaki yeye na kuta.

Kulipanga ni kazi ya wawili. Mmoja nje na spana, mwingine ndani mbele ya televisheni akipiga kelele: bado, bado, hapo hapo! Miaka yote mtu wa ndani alikuwa Birago, na sauti yake ilifika sokoni.

"Mzee, nije nikukalie ndani?" nilimwita.

"Wewe Dufie? Utasinzia, nikaze nati hadi Krismasi!"

"Haya. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe."

Alicheka. Akaunyoosha mlingoti kwa timazi, akashika spana, na kwa mazoea tu akauliza: "Vipi, imekuja?"

"Bado," akajibu mtu ndani.

Mchi ukaniponyoka. Sisi tumefundishwa tangu utotoni: ukisikia sauti na mwenyewe humwoni, usiitike.

"Mzee," nikanong'ona, "ndani kuna nani?"

"Nyamaza, jirani. Utanipotezea mawimbi." Alikuwa analia huku anatabasamu.

"Shusha," sauti ikasema.

Akashusha. Dishi likaacha mawingu. Likaacha mlima. Likaacha mapaa.

"Bado."

"Mzee, huko ni makaburini, alikolala Birago!"

"Anasema picha inazidi kuwa safi."

"Hapo hapo. Kaza."

Akakaza. Akaweka spana chini, akajipangusa mikono, akaingia ndani kama mtu aliyeitwa chakula. Mlango ukafungwa.

Nilizunguka ukuta mbio. Nilimkuta kitini, amekufa, kichwa kimelala upande kama kilichopata bega. Televisheni ilikuwa nyeusi tupu, isipokuwa ule mstari wa kupima mawimbi. Ulikuwa umejaa hadi mwisho.

Baada ya mazishi wapwa zake walikata waya za mota, wakalirudisha dishi kutazama juu. Jumatatu niliamka, nikalikuta linatazama dirisha langu. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha matope uani kwake, na hayakuwa na unyayo hata mmoja.

Naogopa, sifichi. Nimeweka pazia zito, nimemwita mchungaji akaomba. Lakini kila mchana, nikikaa mbele ya televisheni yangu, Mzee Asiamah ananiuliza kutoka nje, taratibu, bila haraka.

"Vipi Dufie, imekuja?"

Naziba mdomo kwa mikono miwili. Jibu ninalo tayari ulimini, na siku nzima hakuna mwingine anayeniuliza chochote.