Msuko wa Kooni

Kh.

Sauti moja tu, kavu, kutoka chumba cha dada. Nilidhani amepaliwa na mate usingizini. Asubuhi nilimkuta mbele ya beseni, vidole mdomoni, akivuta unywele mmoja mrefu. Akaufuta kwenye gauni, akacheka.

"Kazi hii, mdogo wangu! Muuza mikate hula unga, mimi nakula nywele."

Tukacheka. Mama naye alicheka.

Dada yangu ni msusi. Saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu: kioo kimoja, viti vitatu, na birika la umeme la maji ya moto ya kuchovyea ncha za rasta, zile nywele za bandia, zisifumuke. Akimaliza kichwa hukipiga picha, mbele na nyuma, apate kuwaonyesha wateja. Ndivyo alivyokuwa na picha za mchumba wangu.

Mchumba huyo alikuwa muuzaji wa duka la dawa. Nilimpata kwenye simu, katika mtandao wa kutafutia wapenzi. Mara ya kwanza nilimtumia nauli huku rafiki zangu wakinizomea: imeshaliwa hiyo! Akaja. Akanirudishia na chenji, sarafu zikiwa bado na joto la kiganja chake. Nikamleta nyumbani. Mama alimkaribisha vizuri, na alipoondoka akasema tu, "Mke haokotwi kwenye simu, mwanangu." Nikadhani maneno yake yameishia hapo.

Wiki mbili baadaye, picha yake ya saluni ilitokea kwenye lile kundi la umbea ambalo watu elfu arobaini hulisoma kabla ya kunawa uso. Chini yake pameandikwa: "Tapeli wa mapenzi. Amekula nauli za wanaume kumi na mmoja. Ana majina matano." Aliyeandika hakujitaja. Mmoja akasema anamjua. Mwingine akasema ana ugonjwa. Mwingine, ambaye hajapata kumwona hata kivuli, akahesabu mimba alizotoa. Walikuwa kama mainzi: kidonda hakiwaiti, wanakuja wenyewe, kila mmoja na uchafu wa alikotoka.

Na mimi je? Mimi niliyerudishiwa chenji? Niliandika maneno mawili, "Tusijuane tena," nikamfungia namba.

Dukani wakamfukuza. Mchana mmoja akaja saluni, akaketi kiti cha katikati.

"Nifumue. Kisha ninyoe."

Dada akafumua, akanyoa. Mimi nilisimama nyuma ya pazia, sikuthubutu kujitokeza. Mchumba wangu alimtazama dada kwenye kioo, akanong'ona, "Picha ni yako. Maneno ni ya nani?"

"Sijui, wifi."

"Unajua."

Alilipa, akaziacha rasta zake sakafuni. Nilizifagia mwenyewe, nikazichoma nyuma ya nyumba mpaka zikawa donge jeusi. Kesho yake walimkuta chumbani kwake, amekufa, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani.

Kile kikohozi cha kwanza cha dada nilikisikia usiku wa maziko yake.

Unywele mmoja ukawa kumi. Kumi zikawa kishungi. Dada alizikuta kwenye wali, kwenye chai, kwenye maji meupe, na sisi tuliokula naye sufuria moja hatukuona hata mmoja. Akakonda. Daktari akammulika kooni: safi.

Nikamuuliza swali la marehemu.

"Niliandika mimi," akasema. "Si inatosha?"

"Nani aliyekupa maneno?"

"Niache nife nalo, mdogo wangu."

Jumamosi, saa nane mchana, jua kali dirishani, pumzi ilimkwama. Midomo ikabadilika rangi. Mama akashika beseni. Nikaingiza vidole viwili kinywani mwa dada, nikagusa kitu, nikavuta.

Hakikuwa kishungi. Ilikuwa rasta.

Imesukwa. Nyekundu iliyokoza, rangi aliyoichagua mchumba wangu. Ilitoka ikiteleza kwa makamasi, ndefu, inanuka mafuta ya nywele na maji yaliyolala. Nikatapika. Nikavuta tena. Ikafuata ya pili. Ya tatu. Ya nne. Dada akaishika ncha moja, akaipapasa kwa vidole vya kazi.

"Mkono wangu huu," akanong'ona. "Mimi ndiye niliyesuka."

Ncha ilikuwa imechovywa maji ya moto. Ilikuwa bado inatoa mvuke.

Beseni likajaa. Ya mwisho ikagoma. Nikivuta, nayo inavuta. Kule ndani. Kama kuna mtu ameshika upande wa pili.

"Taja, dada! Utakufa!"

Mama alikuwa akimpapasa mgongo, polepole, kama anayembembeleza mtoto.

"Usiseme, mwanangu. Utajichosha. Usiseme."

Dada akafumba macho. Akafungua kinywa. Rasta ikalegea mkononi mwangu, kidogo tu, kama aliyeko ndani amesogea karibu apate kusikia.

"Maneno yale," dada alisema, "nilipewa na mama."