Wekundu wa Picha ya Fairuz

Adhana ya magharibi ilikuwa haijatoka, na Taib alikuwa akijiandaa kufunga studio yake ya Bondeni. Mkewe, Swabaha, alikuwa nyuma akikata picha za pasipoti. Mlango ukasukumwa.

Alikuwa Bi Mwanakuu, aliyekuwa mama mkwe wa Taib. Binti yake Fairuz, mke wa kwanza wa Taib, alikuwa ameshazikwa. Taib alimpa talaka angali kitandani, mgonjwa, hana damu ya kumwinua kichwa, kisha akamwoa Swabaha.

"Nikuzie hii," bibi alinong'ona, akaweka picha ya marehemu mezani. "Iwe nyeusi na nyeupe tupu. Sitaki rangi hata chembe."

Taib aliona haya kukataa. Kompyuta na mashine ya wino zilikuwa mpya, za mwaka ule wa tisini na nane, lakini tabia zake alishazijua. Mashine ile hupata kijivu kwa kuchanganya rangi, na moja ikizidi, picha nzima huegemea huko. Akaiingiza picha kwenye kompyuta, akaitoa rangi, akachapa.

Krr... krr... Karatasi ikatoka.

Picha nzima ilikuwa safi. Uso peke yake ndio uliokuwa mwekundu.

"Punguza," bibi akasema.

Akapunguza wekundu kwenye kompyuta, akachapa tena. Nyuma, mkasi ukaanguka.

"Taib... nahisi baridi."

"Namaliza sasa hivi, mke wangu."

Midomo ya Fairuz ilikuwa bado myekundu. Akapunguza tena. Harufu ikajaa chumbani, nzito, kama ya buchani asubuhi... Krr... krr...

Safari hii kijivu kilitoka laini, hakina kasoro. Taib alitabasamu kwa fahari ya kazi yake. Akageuka amwonyeshe Swabaha.

Swabaha alikuwa sakafuni. Midomo kijivu. Ulimi kijivu.

Taib akairukia kompyuta, akaongeza wekundu hadi mwisho. Karatasi zikatoka moja baada ya nyingine.

Zote kijivu.

"Mwanangu alififia hivi hivi," alisema Bi Mwanakuu, akiiviringisha ile picha ya kijivu taratibu, "nawe ukitazama saa."

Hospitalini walisema damu imepungua, wasijue imepita wapi. Wakamtia nyingine. Swabaha akarudi nyumbani rangi ya jivu, hata hina haikumshika mikononi. Wiki zikapita. Asubuhi moja aliamka, akaomba chai, na midomoni mwake palikuwa pameingia wekundu kidogo. Taib alilia kwa furaha.

Jioni ile ile, mlango wa studio ukasukumwa.

"Picha imeanza kuingia wekundu," Bi Mwanakuu akasema, akiikunjua mezani. "Utoe."

Taib akapiga magoti. "Mama, nakuomba. Nichukue mimi."

"Wewe nakutaka uwe na macho ya kutazama."

"Sitaifanya."

"Basi nitampelekea Nicanor, yule fundi wa Ganjoni." Sauti yake ilikuwa ya upole. "Yeye hamjui Swabaha. Hatajua pa kukomea."

 Taib akainuka, akavuta kiti, akawasha kompyuta.