Fomu ya Saba

Binti yangu wa kwanza ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kila siku alikuwa akirudi na viatu vyake vizito, nami nikimfokea asikanyage nilipodeki. Siku aliyopata kazi kwenye kiwanda cha meli, nchi ya mbali, sikumfokea. Alikanyaga alivyotaka.

Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Kibali cha kazi kikatoka. Zikabaki karatasi za huku nyumbani, na hapo ndipo tulipokiona cha mtema kuni.

Mara ya kwanza, ofisi ya uhamiaji, walituambia picha ni mbaya, nyuma yake iwe nyeupe. Tukarudi. Mara ya pili nakala haikugongwa muhuri. Tukarudi. Mara ya tatu tuliacha nafasi moja tupu, jina la bibi mzaa mama. Nafasi moja tu. Mara ya nne yule wa dirishani alikwenda kunywa chai, aliporudi akafunga.

Nikamwambia binti yangu, "Niletee fomu zote walizonazo. Nitajaza kila kitu. Tuone watatushikia wapi."

Akaja na fomu saba. Nilijaza mimi kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Sita zilikwenda vizuri. Ya saba ilikuwa ya kuukana uraia.

"Hii nayo?" nikauliza.

Mdogo wa mume wangu alikuwa hapo mezani. Tunamwita Najua.

"Jaza, shemeji," akasema. "Huko hawampi uraia mtu mwenye uraia wa kwingine. Akifika hana, watampa upesi."

"Nani kakwambia?"

"Najua."

Baba watoto hakunyanyua macho kwenye gazeti. "Jaza, mama. Tumechoka na hizi nenda rudi."

Nikajaza. Binti akatia sahihi, akapeleka. Safari hiyo hawakuturudisha. Walimwambia aje Alhamisi kurudisha pasipoti na kumalizia. Mimi nikafurahi, mjinga mimi.

Jumatano asubuhi jirani yetu alikuja kuazima ngazi. Amestaafu, alikuwa karani wa uhamiaji miaka mingi, watoto wa mtaa wanamwita Mama Mihuri.

"Binti anaondoka lini?" akauliza.

"Jumamosi. Kesho anarudisha pasipoti, basi, kazi imekwisha."

Akaiegemeza ngazi ukutani. "Anairudisha kwa nini?"

Nikamweleza. Alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Na Jumamosi atasafiria nini?"

"Si ana kibali?" Najua akadakia kutoka mezani.

"Wewe nyamaza kidogo, baba. Kibali si pasipoti. Binti, lete vyote viwili."

Binti akavileta. Mama Mihuri akaweka kidole kwenye kibali, kisha kwenye pasipoti. "Soma namba hii. Sasa soma hii."

"Ni ile ile, mama."

"Ndiyo. Kibali chako kimeandikwa juu ya pasipoti hii. Ukiirudisha, kibali hakina mwenyewe. Uraia wa huko umeshapewa?"

"Bado. Hata sijaomba."

"Basi kuanzia kesho ungekuwa raia wa wapi?"

Binti alinitazama mimi.

"Kibali ni ruhusa ya kufanya kazi," Mama Mihuri akasema. "Uraia ni jambo jingine. Nchi nyingi hutaka ukae kwao miaka kadhaa ndipo uombe, na kila nchi ina sheria yake. Ukitaka, utaomba kule kwanza. Barua ya kukubaliwa ikiwa mkononi, ndipo unakwenda ubalozi wetu kuuliza kama ni lazima uache huu, au unaruhusiwa yote mawili. Huachi chochote kabla ya hapo."

"Na fomu iliyokwishapelekwa?" nikauliza.

"Kama haijapitishwa, inaondolewa. Andika barua. Twende sasa hivi, chai nitakunywa nikirudi."

Nikaandika barua mbio, binti akatia sahihi. Dirishani walituambia faili liko juu. Juu walituambia liko chini. Mama Mihuri hakubishana na mtu. Alisimama mlangoni kwa mkuu wa ofisi mpaka faili likaletwa.

Mkuu alikuwa na kalamu mkononi. Akasoma barua yetu, akachora mistari miwili juu ya fomu ya saba kuifuta, akatukabidhi nakala yake.

"Mngekuja kesho mchana," akasema, "nisingeweza kuwasaidia."

Nilikaa kwenye ngazi za ofisi, nikaisoma ile nakala mara mbili.

Jumamosi binti yangu aliondoka, na pasipoti yake mfukoni. Ule mkataba uliongezwa mara tatu. Mwaka wa saba aliomba uraia wa huko. Barua ilipotoka alinipigia simu.

"Umekwenda ubalozini?" nikamwuliza kabla ya kumpongeza.

"Nilikwenda jana, mama. Wamenieleza kila kitu kwa maandishi."

"Soma vyote. Polepole."

Akasoma, nami nikasikiliza mpaka mwisho.

Wewe mwenye mtoto anayesafiri, usijaze fomu kwa hasira. Usijaze usiyoielewa, hata kama wamekurudisha mara kumi. Uliza anayeifahamu kazi hiyo.

Ile nakala yenye mistari miwili nimeibandika ukutani juu ya meza ya chakula. Najua akija kula, siku hizi hukaa upande wa pili, akiipa mgongo.