Mikono ya Sweta ya Cate

Kila jioni Scovia aliikunjua sweta, akaitazama, akaikunja tena. Kifua kilikuwa tayari. Mgongo ulikuwa tayari. Mikono haikuwepo.

Sweta ilikuwa ya binti yake Cate, anayechuma majani chai Kericho. Mwaka wa pili sasa hajakanyaga nyumbani Lambwe. Akipiga simu husema, "Mama, huku asubuhi vidole havikunjiki." Usiku huo Scovia halali.

Uzi ulikuwa umemwishia. Ule wa dukani Kosele ulikuwa ghali hata kuugusa. Na nje, kondoo wake watano walitembea na sufu mgongoni! Kila mwaka aliinyoa, akaitupa shimoni. Ndivyo tulivyofundishwa: chako tupa, cha wenzako nunua. Hata pamba tulilima. Viwanda vikafungwa, tukaambiwa tungoje. Tunangoja hadi leo.

Safari hii hakuitupa. Alinyoa kondoo wawili, akachemsha sufu kwa sabuni, akaifikicha kama kola ya shati. Ikashikana, ikawa ngumu kama mkeka.

Jirani yake Bhoke, aliyejifunza kusokota uzi kwao Ntimaru kabla ya kuolewa pale, alipoiona alicheka.

"Yawa, Mama Cate! Ulikuwa unafua ama unapika?"

"Wewe cheka tu. Mtoto wangu anaumia na baridi."

Bhoke akaacha kucheka. "Bado kondoo watatu, sivyo? Leta makasi."

Waliloweka sufu mpya kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo.

"Usifikiche," Bhoke alisema. "Bonyeza tu. Suuza kwa maji ya joto hilohilo, uanike kivulini."

Ilipokauka waliichana kwa vibao viwili vyenye misumari midogo, hadi ikawa laini. Kisha Bhoke akaleta gurudumu lake la kusokotea. Fundi alilitengeneza kwa gurudumu la baiskeli kuukuu.

"Mkono huu uzungushe. Huu uvute sufu, polepole."

Uzi ukakatika. Ukakatika tena.

"Hii uzi inanidharau!"

"Unaivuta kama ng'ombe wa mnada. Iachie kidogo."

Siku ya nne uzi ulikubali. Wakaunganisha nyuzi mbili, wakizungusha gurudumu upande wa pili ili uzi usijikunje. Wakauloweka, wakautundika ukauke. Scovia akafuma mikono, akaituma sweta Kericho.

Baada ya wiki, simu ikalia.

"Mama, sweta ya buluu, mikono ya kahawia?"

"Hiyo ni rangi ya kondoo. Inakutosha?"

"Inatosha. Wenzangu walinicheka, sasa wanaiazima. Wanauliza uzi umenunua wapi."

"Waambie haukununuliwa, ulisokotwa. Njoo nikufundishe."

Cate akaunusa mkono wa sweta.

"Inanuka nyumbani, Mama. Nimeomba ruhusa. Nakuja Jumapili."

Kufikia Jumamosi, Scovia alikuwa ameosha na kuanika sufu iliyobaki, ya kusokotwa na watu wawili.