Siku Mbili bila Sindano

Fundi cherehani alikuwa akishona, mlango ukiwa wazi, na binti yake wa miaka kumi alikaa mkekani kando yake. Mtaani walimwita Chiriku, kwa maneno yake mengi. Miezi miwili nyuma alivunjika mguu, akafungwa plasta ngumu, akalala kwa wiki nyingi. Kisha siku moja kifua kilimchoma na pumzi ikamkatika. Wazazi walidhani ni mafua. Picha ya hospitalini ilionyesha jambo jingine. Damu ilikuwa imeganda mguuni, na bonge moja lilikuwa limesafiri hadi kwenye mapafu.

Alilazwa, akapata nafuu, akarudi nyumbani na boksi la sindano. Moja asubuhi, moja jioni, kwa miezi mitatu. Mama alishinda kiwandani tangu alfajiri hadi usiku, hivyo kazi ya kumchoma tumboni ikawa ya baba.

Kila akimaliza, baba alisugua mahali pale kwa nguvu, ili dawa ienee. Baada ya wiki moja tumbo la mtoto lilikuwa limevilia damu, hapa bluu, pale zambarau. Baba alishindwa kulitazama.

"Tupumzike kidogo," alimnong'oneza. "Mama asijue."

Chiriku alifurahi mno. Siku mbili zikapita.

Siku ya tatu jirani yao, muuguzi, alileta sare yake ipunguzwe.

"Chiriku, sindano zinaendaje?"

"Tumezipumzisha!"

Baba alikohoa, lakini alikuwa amechelewa.

"Nilimwonea huruma, dada," alisema. "Tumbo lote madoa. Na si anapumua vizuri?"

"Anapumua kwa sababu ya dawa! Dawa inazuia bonge lisikue, na mengine yasitokee. Mwili nao unaliyeyusha taratibu. Ukiacha mapema, damu inaweza kuganda tena. Mapafu yakiziba, mtoto anaweza kufa."

Fundi aliiweka sare mezani. Akaketi.

"Na hayo madoa, unasugua ukishachoma?"

"Sana."

"Basi usisugue. Bonyeza kwa pamba taratibu, kisha sindano inayofuata hamia upande mwingine."

Muuguzi alipiga simu hospitalini. Waliambiwa wamlete mtoto mara moja, na wasichome sindano mbili kwa pamoja ili kufidia. Daktari alimpima, akasema dawa iendelee.

"Akipungukiwa pumzi, akikohoa damu, akitoka damu isiyokatika au akigonga kichwa, mleteni haraka," alisema. "Na dawa ya maumivu msimpe bila kutuuliza."

Jioni Chiriku alifunika tumbo kwa mikono. "Baba, ulisema basi!"

"Nilikosea, mwanangu. Nuna utakavyo. Bora uninunie ukiwa hai."

Akachoma. Akabonyeza. Hakusugua.

Mama aliporudi, baba alimweleza yote. Mama alilia, kisha akasema, "Siku nyingine mkono ukikataa, niambie. Tutasaidiana. Lakini usinifiche habari za pumzi ya mwanangu."

Madoa yakapungua. Hawakuruka sindano hata moja tena. Miezi ilipotimia, picha ilionyesha mapafu yamefunguka, na daktari akasema dawa sasa imetosha.

"Una hakika?" baba aliuliza mara tatu. Kisha akaketi kwenye benchi akalia mbele za watu. "Nilikaribia kumuua mwanangu kwa huruma," alisema.

Chiriku alikaa karibu naye, akamshika mkono.

"Mimi niliipenda huruma ile, baba," alisema. "Haikuuma hata kidogo."