Perege Aliyesingiziwa

Kule Matema, kwenye Ziwa Nyasa, asubuhi wanawake huingia majini na vikapu. Huzunguka matete, hutaniana, huvua kitoweo. Tupokigwe alifunzwa kazi hiyo na mama yake, Damari, kabla hajajua kusoma.

Jambo moja alilijua barabara. Ukimshika perege akatema vifaranga, huyo ni mla watoto. Muue upesi, asije akamaliza samaki.

Wakawaua kweli. Lakini vikapu vilizidi kuwa vyepesi. Baba yake, Asukile, alichoka kula ndizi tupu. Akasema hali ikiwa hivi mpaka mwakani, wanahamia Igowole kuchuma chai. Tupokigwe hakutaka hata kulisikia jina la Igowole. Baridi yote ile, na bibi abaki na nani?

Ndipo akaja Kalinga, bwana samaki kutoka Iringa. Akawaita vijana ufukweni, wavulana kwa wasichana. Hakuleta ubao wala chaki, ila beseni. Wavulana wakamtania, Mhehe wa milimani atajua nini habari za ziwa? Akacheka, akasema basi waingie wao wavue.

Tupokigwe akatoka na perege mwenye taya lililovimba. Alipomtia kwenye beseni la maji, samaki akatema vifaranga. Binti akaokota jiwe.

"Ngoja, dada," Kalinga akasema. "Aliowala, mbona wako hai?"

Akafunika beseni kwa kitambaa, wakangoja. Walipofunua polepole, vifaranga walikuwa wakirudi kinywani mwa mama yao, wenyewe.

Kalinga akaeleza kwamba perege huyo huatamia mayai kinywani, na watoto wakiogopa hurudi humohumo. Ukimuua mama, umeua na watoto wote. Mwenye taya lililovimba arudishwe ziwani palepale.

Nyumbani Damari alicheka sana. "Nimevua kabla hujazaliwa. Leo unifundishe samaki?"

Tupokigwe alimwekea miguuni beseni la Kalinga, perege yule ndani akiwa ametema tena vifaranga, akalifunika. "Kaa, mama. Utaona mwenyewe."

Damari alikaa, akaona. Hakucheka tena. Kesho yake aliwapitia wanawake wenzake nyumba kwa nyumba, na beseni lake kichwani. Tangu hapo, kila mama perege alirudishwa.

Mwaka ukapita, vikapu vikaanza kulemea. Jioni moja Tupokigwe akamuuliza baba yake safari ni lini.

Asukile alitoa mwiba mdomoni, akauweka kando ya sahani.

"Huko Igowole," akauliza, "kuna perege?"