Maelezo ya Picha ya Fundi

Jumatatu hiyo ukumbi wa usajili wa chuo ulifurika hivi kwamba mtu akitaka kupiga chafya anaomba nafasi kwanza. Fundi wa tovuti ya chuo alikuwa akijipenyeza, kompyuta kwapani, akakanyaga fimbo nyeupe.

Mwenye fimbo alikuwa binti aliyevaa gauni la kijani na hereni kubwa kama bangili.

"Kaka, hiyo fimbo ndiyo macho yangu. Umenikanyaga jicho."

"Samahani, dada! Sikukuona."

"Basi tuko wawili. Hebu niambie, nani aliyetengeneza tovuti ya chuo hiki?"

Fundi akatanguliza kifua. "Mimi."

Binti akafungua tovuti hiyo kwenye simu yake, akamwekea fundi sikioni. Simu hiyo humsomea kwa sauti kila kilichopo kwenye kioo. Ikasema: "Picha. Picha. Kitufe. Kitufe. Kitufe."

"Kitufe cha nini?" fundi akauliza.

"Nilidhani wewe ndiye uliyekiweka!"

Fundi akatambua kwamba hakuvipa vitufe majina. Usajili ungefungwa Ijumaa saa kumi jioni, na binti alitaka kusoma sheria. Wakapeana namba. Kufikia Jumanne simu zao zilikuwa za moto kama pasi, na neno "mpenzi" limeshaponyoka mara mbili.

Jumatano mapenzi yakampanda fundi kichwani. Akachukua maelezo yote aliyoyasikia kwenye mazungumzo, akamjazia fomu ya usajili, kisha akampigia simu.

"Mpenzi, nimeshakusajili!"

"Nani alikutuma?"

"Nilitaka kukurahisishia..."

"Ratiba iko kwenye tovuti. Maktaba iko humo, matokeo yako humo. Utanishika mkono miaka minne? Futa. Nitajisajili mwenyewe, au sisomi."

Binti akakata simu.

Fundi akafuta. Kisha akajifunga tai machoni, akachomoa kipanya cha kompyuta, akajaribu kujisajili kwa masikio tu. Saa nzima hakuvuka ukurasa wa kwanza.

Akavua tai, akaanza kazi. Kila kitufe akakipa jina, kila picha akaiandikia maelezo ya kusomwa na simu. Picha mia tisa! Mkuu wa chuo peke yake alikuwa nazo arobaini, zote akikata utepe.

"Yote haya kwa ajili ya mtu mmoja?" bosi wake akamuuliza.

"Mmoja ndiye aliyesema, bosi. Wengine waliondoka kimya."

Ijumaa saa sita akafika kwenye picha yake mwenyewe, kwenye ukurasa wa wafanyakazi, namba yake ya simu chini. Akaandika: "Fundi wa tovuti. Shati la bluu halijapigwa pasi. Alikosea kwa kupenda, anaomba msamaha."

Saa nane simu ikaita. Sauti nzito ya mzee asiyemjua.

"Kijana, mimi pia sioni, nimeisoma picha yako. Piga pasi hilo shati, atarudi tu."

Saa tisa ikaita tena.

"Nimejisajili," binti akasema. "Dakika kumi na moja, bila kushikwa mkono."

Fundi akakaa chini palepale sakafuni. "Na picha yangu?"

"Nimeisoma. Maelezo marefu mno. Picha huelezwa kwa ufupi, fundi mzima hujui?"

"Niandikeje, mpenzi?"

"Fundi wa tovuti. Mchumba wa mwanasheria."

"Mwanasheria gani?"

"Anayeanza masomo Jumatatu."

Fundi akaandika hapohapo, kabla binti hajabadili mawazo. Kisha akaenda kutafuta pasi.